Mwaka Nilipoinua Mkono

Juma lililopita Udamaseng alinipigia simu kutoka Balangdalalu kunipa taarifa kwamba Bibi amefariki. Hakulia. Alisema, "Dada Teresia, mama ametuacha. Nje ya boma letu wewe ndiye wa kwanza kuambiwa." Nilikuwa nachambua maharage jikoni kwangu Mbulu. Nikaacha sinia na maharage yake, nikajikuta natabasamu huku machozi yananitoka. Bibi hakuwa bibi yangu. Alikuwa mama mkwe wa Udamaseng, Mbarabaig wa kweli kweli, na mimi ni Mmbulu. Wazee wake na wazee wangu waliibiana ng'ombe tangu enzi, na mpaka leo tukikutana mnadani utani hauishi. Lakini mwaka ule nilipoanza kazi nikiwa msichana, yule mama mkali mwenye chale za duara kuzunguka macho ndiye aliyenifanya nijue mimi ni nani. Sikusubiri mtu anishauri. Kesho yake nikapanda basi la asubuhi mpaka Katesh, nikaunganisha na bodaboda, na kwa umri huu wangu wa kustaafu nikavumilia makorongo yote yale nimemshika kijana wa watu kiunoni. Nilikuwa na haki ya kwenda kumlilia.

Nilikozaliwa na nani alinisomesha nitayaacha kwanza. Hapa nautaka mwaka mmoja tu, mwaka ambao hospitali yetu chini ya Mlima Hanang ilipata mashine yake ya kwanza ya ultrasaundi, na mimi niliyetoka kusomea kazi hiyo nikapewa niitunze. Chumba tulichopewa, mimi na mashine, kilikuwa stoo ya mashuka. Kilinuka nafutalini na panya. Dirishani tulitundika blanketi zito la kijivu ili pawe na giza la kutosha kuona picha, na nje ya dirisha hilo, ukutani kabisa, ndipo lilipokuwa benchi la wagonjwa. Hawakujua kwamba blanketi halizuii sauti. Nilikuwa nasikia kila kitu: nani kaoa wa pili, mahindi ya nani yameliwa na tembo, na mashine yangu inafanya nini hasa. Mmoja alisema inaona chakula ulichokula jana. Mwingine akasema hiyo ni kidogo, inaona mpaka dhambi. Nilicheka peke yangu gizani, nikaipangusa vumbi kila asubuhi kama mama anavyompangusa mtoto pua, na nasema bila haya kwamba nilijivuna. Nilijivuna mno. Nilikuwa na koti jeupe lenye jina langu, na Daktari Akonaay, mganga mkuu, mtu mrefu mpole aliyekuwa na kawaida ya kukohoa kabla ya kuingia mahali popote, alikuwa akibisha hodi mlangoni kwangu na kuniuliza, "Teresia, wewe umeonaje?"

Nilikaa nyumba moja na Zubeda, muuguzi wa wodi ya wazazi, Mrangi wa Kondoa. Alikuwa mnene, mcheshi, na ulimi wake ulikuwa hauna breki. Tulikuwa na jiko moja la mkaa na sufuria mbili, moja ya ugali na moja ya kila kitu kingine. Jioni tulikula ugali wa mahindi ya Endasak na mlenda, tukipata bahati tunaongeza maziwa mgando, na siku ya mapumziko Zubeda alipika pilau ambayo majirani walianza kuinusa kabla kitunguu hakijaiva, wakaja "kusalimia". Alinipenda, lakini alinichokoza kwa jambo moja bila kuchoka. "Mmbulu gani wewe," alikuwa akisema, "unavaa sweta saa nane mchana? Nyie si ndio watu wa baridi? Vua hilo gunia, mwili upumue!" Nilijibu kwamba nina homa ya vipindi. Nilikuwa na homa ya vipindi mwaka mzima, mimi, na hakuna aliyewahi kunipima malaria.

Ukweli ni kwamba tangu nivunje ungo nilikuwa na uvimbe makwapani. Kulia kidogo, kushoto mkubwa zaidi, laini kama donge la unga uliokandwa. Kila mwezi kabla ya siku zangu ulijaa ukauma, halafu ukanywea, lakini haukuisha. Shuleni sikuwahi kunyoosha mkono kujibu swali, hata nilipolijua jibu, na nililijua mara nyingi. Kwaya niliiacha siku walipoanzisha nyimbo za kupunga mikono. Chuoni tulijifunza kwa kupimana wenyewe kwa wenyewe. Nilitoa tumbo langu, shingo yangu, figo zangu, wakapima mpaka wakachoka, ila kwapa langu hakuna aliyeliona. Nilijua magonjwa yote yanayokaa pale. Niliyasoma vitabuni na nikayafanyia mtihani: tezi za kifua kikuu, usaha, saratani. Nilikuwa na mashine chini ya mkono wangu kutwa nzima na sikuthubutu kuisogeza sentimita chache upande ule, kwa sababu niliogopa kuona. Leo wajukuu zangu wakinisikia nikisema mficha maradhi kifo humuumbua, wanadhani naisema tu kama methali nyingine.

Udamaseng aliletwa siku ya kliniki ya watoto. Alikuja kupima mtoto uzito, si kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa binti mdogo, uzazi wa kwanza, amevaa sketi ya ngozi ya shanga na bangili za shaba zilizojaa mkononi, na mkono wake wa kushoto ameuweka mbali na mwili kama mtu aliyebeba kuku kwapani. Zubeda aliyeona kila kitu akaliona hilo pia. Akamfunua taratibu, akakuta uvimbe wa ukubwa wa yai la bata, ngozi imevutika inang'aa. Bibi, aliyekuwa amesimama nyuma na fimbo yake, akasema hiyo ni mtoki, haina haja ya sindano, yeye mwenyewe ataichoma. Na hakuwa anatania. Kule kwao alikuwa mtu wa chuma: mtu akivimba tezi, akiumwa kichwa kisichopona, mtoto akivimba bandama, wanampelekea Bibi, naye anaweka chuma motoni mpaka kiwe chekundu. Wengi walipona, au walisema wamepona, na alikuwa akiheshimika kwa hilo kuanzia Balangdalalu mpaka Mogitu.

Daktari Akonaay alimpapasa yule binti kwa muda, akakohoa, akaja kwangu. "Sijakipenda," alisema kwa sauti ya chini. "Angalia kama kuna usaha. Kama hakuna usaha, basi ni tezi, na tezi ya ukubwa ule kwa mtu wa umri ule, nitamkata kipande kiende rufaa kikapimwa. Na itabidi tuzungumze habari ya kumwachisha mtoto." Nikaanza kuandaa kitanda, na ndipo nikamsikia Bibi nje ya dirisha, kwenye benchi, akiongea na mama mmoja wa Endasak kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Hawa watoto ya hospitali nawaachia leo tu. Kesho asubuhi mimi nachoma. Na ile maziwa mtoto hanyonyi tena. Ile kitu inatoa maji yake kwa maziwa, itaua mtoto. Nishatafuta mbuzi." Mama wa Endasak akamuuliza, na binti mwenyewe anasemaje? "Analia," Bibi akasema. "Mimi pia nalia. Lakini moto ni kesho."

Nilisimama nimeshika taulo. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: daktari na kisu chake, Bibi na chuma chake, na pande zote mbili mtoto mchanga anaachishwa titi la mama yake kabla hajajua kucheka. Katikati nilikuwa mimi na ile mashine, na kama nisingewaonyesha kitu wanachoweza kukiamini siku ile ile, kesho ingekuwa imepita.

Waliingia. "Shikamoo, Bibi," nikasema. "Marahaba," akajibu, akaitazama mashine kuanzia chini mpaka juu kama anavyotazamwa dume mnadani. Nikamweleza kwamba haichomi, haikati, inapapasa tu ngozi na kutoa picha ya ndani. Nikabonyeza chupa ya jeli. Bibi akachukua kidogo kwa kidole, akanusa, akakunja uso. "Mafuta gani haina harufu ya ng'ombe?" Udamaseng alikuwa amejikunja kitandani na mtoto wake, macho yamemtoka. Nilipomsogelea Bibi akaweka fimbo katikati yetu.

"Anza na wewe," akasema.

"Sawa, Bibi." Nikajipaka jeli mkononi, kwenye kiganja, nikaweka kile kichwa cha mashine, nikamwonyesha mifupa ya vidole vyangu ikipita kwenye kioo.

"Apana. Mkono hapana. Wewe unataka kuweka kwapa ya mtoto wangu. Weka kwapa yako. Kama ni mzuri, si ni mzuri kwako pia?"

Chumba kilikuwa kidogo. Zubeda alikuwa mlangoni, daktari amesimama nyuma yake. Nilihisi jasho likinishuka mgongoni ndani ya sweta. Ningeweza kusema sheria za hospitali haziruhusu. Hakuna ambaye angenipinga, na Bibi angeondoka na binti yake. Nikamtazama Udamaseng. Alikuwa akinitazama kwa namna ambayo naijua, macho ya mtu anayengoja kuambiwa kwamba mwili wake umeharibika. Niliyajua macho hayo kwa sababu nilikuwa nikiyaona kwenye kioo changu kila mwezi. Nikamwomba daktari atupishe. Akakohoa, akatoka, akafunga mlango. Nikavua koti, nikavua sweta, nikafungua blauzi, na kwa mara ya kwanza tangu nivunje ungo nikainua mkono wangu wa kushoto juu kabisa mbele za watu.

Zubeda akasema, "Yarabi," na mara hiyo tu ulimi wake ukaishia hapo. Bibi akaweka fimbo chini. Akasogea, akanigusa pale kwa vidole vyake vigumu, bila kuniomba ruhusa, akabonyeza kama anavyobonyezwa ng'ombe kiwele. "Kumbe na wewe," akasema taratibu. "Kumbe na wewe, binti ya Mmbulu."

Nikaweka mashine. Nilikuwa natafuta lile nililoliogopa miaka yote. Usaha ungeonekana dimbwi jeusi. Tezi ingekuwa na umbo la harage, pembeni nyeusi, katikati nyeupe. Saratani ingekuwa kitu cheusi chenye kingo zilizochongoka, kilichosimama wima kana kwamba kinataka kutoka. Sikuona hata kimoja. Niliona mafuta, na ndani ya mafuta michirizi myeupe iliyotanda kwa utulivu, na picha hiyo nilikuwa nimeiona mara nyingi kwa wanawake wengine, ila si kwapani. Nikashusha kichwa cha mashine mpaka kwenye titi langu, nikalinganisha. Nikarudi kwapani. Nikashuka tena. Ni nyama ile ile. Ilikuwa nyama ya titi, basi! Mtoto akiumbwa tumboni, njia ya matiti huanzia kwapani ikateremka mpaka kwenye kinena, halafu inafutika na kubaki mahali pawili tu kifuani. Kwa baadhi yetu kuna kipande kinachosahaulika juu. Nililisoma jambo hilo chuoni, mistari michache mwishoni mwa sura, nikaipita haraka kwenda kwenye magonjwa ya kutisha. Nililia pale pale mkono ukiwa juu, na Bibi akadhani nimeumia.

"Siumwi, Bibi," nikamwambia. "Nina furaha. Sasa nipe binti yako."

Alinipa. Udamaseng akainua mkono wake kabla hata sijamwambia. Picha yake ilikuwa kama yangu, ila iliyojaa: michirizi minene, na katikati yake vijia vyeusi vyembamba. Tezi zake za kweli zilikuwepo pembeni, ndogo ndogo, maharage mazuri yasiyo na neno. Nikamuuliza kilianza lini, akasema siku maziwa yalipoingia. Hapo wazo likanijia, na sikulikopi kwa mtu, ni langu. Nimekua nikikamua. Kila aliyekamua ng'ombe wetu wa kienyeji anajua hawaachii maziwa mpaka ndama aguse chuchu kwanza. Nikamwambia, "Mnyonyeshe mtoto. Mnyonyeshe sasa hivi, mimi nikiwa nimeshika hapa." Mtoto akalikamata titi la kulia kwa pupa. Tukasubiri kidogo. Kisha kule kwapani kushoto, kwenye kioo, vile vijia vyeusi vikaanza kutanuka, vikafunguka taratibu, na Udamaseng akasema, "Inavuta! Inavuta na huku!"

Sikuhitaji kumwelezea Bibi chochote. Alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kugusa kioo. "Ameachia," akasema. "Maziwa ameachia." Akageuka kwa Zubeda kana kwamba Zubeda ndiye aliyekuwa akibisha. "Hii si mtoki! Hii ni chuchu ya tano! Nina ng'ombe iko na chuchu ya tano, mtamba mzuri kabisa, nani anachoma kiwele ya ng'ombe wake? Nani mjinga?" Akacheka mpaka benchi zima nje likanyamaza kusikiliza. Daktari aliporudi nilimwonyesha yote tangu mwanzo, yeye akapapasa tena, akasema, "Tunyonyeshe tena," Zubeda akamsahihisha hapo hapo kwamba anayenyonyesha ni mama, tukacheka sote. Akaitazama picha kwa muda mrefu. "Hakuna kisu," akasema. "Kitambaa cha maji baridi, dawa ya maumivu, na mtoto anyonye. Arudi tumwone tena." Akanigeukia. "Teresia, hapa umefanya kazi."

Alirudi mara kadhaa mwaka ule, kila mara uvimbe ukiwa mdogo zaidi, na kila mara Bibi akiwa mbele na kibuyu cha maziwa mgando yenye harufu ya mkaa wa kusafishia kibuyu. Tulikunywa mimi na Zubeda mpaka tukanenepa. Sweta nililigawa. Jumapili iliyofuata nilirudi kwaya, mstari wa mbele, nikapunga mikono yote miwili kupita kiasi, mpaka mwalimu wa kwaya akaniomba nipunguze. Nimefanya kazi ile maisha yangu yote, nimewapima wanawake wa Mbulu na Hanang wasiohesabika, na wachache wao walikuwa na kile kipande kilichosahaulika. Kwa wengine kilikuwa na uvimbe mdogo usio na madhara ndani yake, kama titi lolote linavyoweza kuwa nao. Wote niliwaambia hivi: hata mimi ninacho, tazama.

Basi nilipofika Balangdalalu juzi, boma lilikuwa limejaa. Nilikaa na wanawake ndani ya nyumba ya udongo, nikapewa maziwa, na nikawasikia wakinong'onezana nyuma yangu kwamba huyu ndiye yule wa kwapa. Nilijikaza nisijivune msibani, nikashindwa. Udamaseng, sasa mvi zimemjaa, akanikumbatia, kisha akaniletea mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa Agnesi, kile kichanga cha siku ile, ambaye leo ni mwalimu Mogitu. "Shikamoo, mama," akasema, akakaa miguuni pangu. "Na mimi ninacho. Kilijaa nilipojifungua."

"Umepiga picha?" nikamuuliza.

"Nimepiga. Bibi alinipeleka mwenyewe, na miguu yake ile mibovu. Alisema chuma chake siku hizi ni cha kupigia ng'ombe alama tu." Akaanza kutabasamu. "Lakini alimwekea mpiga picha fimbo mbele. Akamwambia, anza na wewe."

"Nani alikuwa anapiga?"

"Kijana mmoja, mama. Mwanaume. Mgeni, ndiyo kwanza ametoka chuo. Akasema, Bibi, mimi ni mwanaume. Bibi akamwambia, kwani huna kwapa?"

Wanawake wakaangua kicheko, msibani kabisa, wengine wakijifunika nyuso kwa khanga. Udamaseng alikuwa anacheka na kulia. "Akafanyaje?" nikauliza, ingawa nilikwishajua.

"Akavua shati," alisema Agnesi. "Akainua."

Jioni walinipeleka mahali walipomlaza Bibi, nyuma ya zizi, udongo bado mbichi. Ng'ombe walikuwa wanaingia. Nikainua mkono wangu wa kushoto, juu kabisa, nikauacha juu mpaka ukachoka.